Nani Alikuwa Mtu wa Kumi na Tatu?

Masomo ya kusindikiza tafakari: Mwanzo 3:8-13, Luka 21:34-36, Yohane 21:15-19



Leo tafakari yetu inatoka uwanjani, tena uwanja wa mbali, huko Kanada. Kama una ndugu au rafiki anayeishi Regina, Calgary au Winnipeg, muulize atakusimulia vizuri zaidi yangu. Na kama mchezo wenyewe huujui, usiogope, nitakueleza kidogo tu, cha kutosha kuelewa kilio cha watu.

Wakanada wana mpira wao ambao si soka. Mpira una umbo kama la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na mara nyingine hupigwa kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili ndefu. Ukipita, timu inapata pointi 3. Kila timu huweka uwanjani watu 12. Shika namba hiyo: kumi na wawili. Bingwa wa nchi hupewa kombe linaloitwa Grey Cup, linaloshindaniwa tangu mwaka 1909.

Sasa, katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya mashamba makubwa ya ngano, kuna timu inaitwa Roughriders. Timu hiyo si mali ya tajiri mmoja. Ni ya jamii, ni ya wananchi wenyewe. Jimbo zima lina watu wapatao milioni moja tu, lakini timu ikicheza ugenini utadhani wamehamia wote. Wanavaa kijani. Wengine wanachonga tikiti maji, wanalitoa nyama ya ndani, halafu wanalivaa kichwani kama kofia! Na mashabiki hao wamejipa jina. Kwa kuwa wachezaji ni 12, wao wanajiita Mtu wa Kumi na Tatu. Maana yake: sisi hatutazami tu, na sisi tunacheza.

Basi Jumapili, tarehe 29 Novemba 2009, timu yao ilikuwa fainali mjini Calgary, dhidi ya Montreal Alouettes. Robo ya mwisho ilipoanza kusonga, Saskatchewan walikuwa mbele kwa 27 kwa 11. Pointi 16 juu! Montreal wakajitutumua, wakafika 19, wakafika 25. Ikabaki 27 kwa 25, na sekunde zinaisha. Montreal wakaamua kupiga kwa mguu kutoka yadi 43. Mpigaji wao, Damon Duval, akapiga. Akakosa. Mpira ukaenda pembeni.

Hebu jiweke pale. Saa imekwisha. Mpira umekosa. Watu wa kijani wanarukaruka, wanakumbatiana na wasiowajua. Halafu wanaona kitambaa cha refa kimelala kwenye nyasi. Adhabu. Kwa nani? Kwa Saskatchewan. Kosa gani? Mmeweka uwanjani watu 13.

Ndiyo, kumi na watatu. Jina lile lile walilojipa kwa fahari ndilo likawa jina la kosa. Mpira ukasogezwa mbele yadi 10, Duval akarudia kutoka yadi 33, safari hii haukukosa. Montreal 28, Saskatchewan 27. Katika mchezo mzima Montreal hawakuwahi kuongoza hata mara moja mpaka teke lile la mwisho.

Ndugu zangu, nataka tujifunze mambo matatu kutoka kwenye uchungu wa watu hawa.

KWANZA: Uchungu si dhambi

Kuna watu wakikuona umenuna kwa sababu timu imefungwa wanakwambia, "Aah, si mpira tu!" Wanasema hivyo wakidhani wanakufariji. Hawakufariji. Mtu aliyesafiri mamia ya kilomita kwenye baridi ya Novemba, na baba yake, na mtoto wake, akiwa na tumaini, huyo hakwenda kwa ajili ya mpira tu. Alikwenda kuwa pamoja na watu wake. Kwa hiyo kilichomuuma ni upendo. Mtu asiyependa kitu haumii kikipotea.

Halafu kuna uchungu wa kukosa kitu, na kuna uchungu wa kunyang'anywa kitu ambacho tayari ulikishika mkononi. Huu wa pili ni mkali zaidi. Wewe mwenyewe unaujua: ulishaambiwa kazi umepata, ukawaambia nyumbani, mama akapika pilau, halafu simu ikaja kwamba nafasi imeenda kwa mwingine. Uongo?

Mungu hashtuki tukilia. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu mpaka lini, kwa nini, umeenda wapi. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na alikasirika pale hekaluni. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 4, hatukatazi kukasirika. Anachotuonya ni kwamba hasira isituingize dhambini, na jua lisituzamie tukiwa bado tumeikumbatia. Kwa maneno mengine, hasira ni mgeni. Mkaribishe sebuleni, msikilize, lakini asilale.

Kwa nini asilale? Kwa sababu akilala, usiku anaamka na kuanza kutafuta kitu. Hapo tunafika kwenye jambo la pili.

PILI: Hasira ikilala, inaamka na kutafuta jina

Turudi nyuma miaka mitano, mwaka 2004. Saskatchewan hao hao walikuwa Vancouver kwenye mchezo wa kutafuta nani aende fainali. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza. Mpigaji wao, Paul McCallum, akapata nafasi ya yadi 18 tu. Kwa mpigaji wa kiwango kile, yadi 18 ni kama kufunga mlango wa chumbani kwako. Na huyu hakuwa mtu wa mchezo mchezo: mwaka 2001, akiwa na jezi hiyo hiyo ya kijani, alipiga mpira wa yadi 62 ukapita, ikawa rekodi ya ligi. Lakini siku ile ya yadi 18 akakosa. Vancouver wakashinda 27 kwa 25.

Kilichofuata ni aibu. Nyumba yake ikatupiwa mayai. Samadi ikamwagwa mtaani kwao. Familia yake ikatishiwa. Familia, jamani! Mke hakupiga mpira. Watoto hawakukosa yadi 18.

Nadhani waliofanya vile hawakuwa majambazi. Pengine ni watu wa kawaida kabisa, wanaosalimia majirani, na labda wapo waliokwenda kanisani Jumapili iliyofuata. Ila hasira ililala ndani mwao, ikaamka, ikaanza kuuliza: nani? Ikapewa jina. Ukishapata jina, uchungu wa watu milioni moja unaweza kumwagwa kwenye kizingiti cha mlango mmoja.

Huu ugonjwa ni wa zamani kuliko mpira wowote. Katika bustani, Mungu anamuuliza Adamu kuhusu tunda. Adamu anajibu nini? Anamtaja mwanamke, tena anamkumbusha Mungu kwamba ni yeye Mungu aliyemleta. Mwanamke naye anamtaja nyoka. Hakuna aliyesema "mimi". Tangu siku ile tumekuwa mafundi wa kutaja majina. Mtoto akifaulu, baba anasema, "Umemwona mwanangu!" Akifeli, anamgeukia mama: "Umemwona mwanao?" Timu ikishinda tunasema tumeshinda. Ikifungwa, wamefungwa, tena na fulani ndiye aliyetufungisha.

Leo hakuna haja ya kubeba mayai. Simu inatosha. Mchezo unaisha saa nne usiku, saa nne na dakika tano mchezaji wa miaka ishirini na kitu anafungua simu yake anakuta matusi elfu moja, mengine ya kumtusi mama yake. Na kati ya matusi hayo, kijana mwenzangu, kuna lililoandikwa na mtu mwenye picha ya Bikira Maria kwenye wasifu wake. Hilo tusi ni samadi. Limemwagwa mlangoni kwa mtu.

Kayafa, kuhani mkuu, alisema wazi kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Utaikuta kwenye Yohane sura ya 11. Hiyo ndiyo hesabu ya umati wenye hasira: mmoja abebe, sisi tulale usingizi. Na tunajua huyo mmoja alikuwa nani. Kwa hiyo kila tunapomkusanyikia mtu mmoja na kumtwisha uchungu wetu wote, tujiulize tumesimama upande gani wa ua wa Pilato.

TATU: Adhabu ile haikuwa na jina

Sasa turudi Calgary, 2009. Angalia vizuri lile kosa. Mchezaji akimkamata mwenzake vibaya, refa anatangaza namba ya jezi yake. Lakini kosa la kuzidi idadi uwanjani halina namba ya jezi. Ni kosa la timu. Na kweli, fikiria: wamesimama watu 13 kwenye nyasi. Wa kumi na tatu ni nani? Ukianza kuhesabu kushoto, ni yule wa mwisho kulia. Ukianza kulia, ni wa mwisho kushoto. Ukianza katikati, ni mwingine kabisa. Hakuna mmoja aliyekuwa 13 peke yake. Wote pamoja walikuwa 13.

Na hata ukisema yupo aliyeingia asipotakiwa, bado yupo ambaye kazi yake ni kuwahesabu, na wapo waliosimama bega kwa bega naye wasione. Halafu zile pointi 16 zilizoyeyuka, ziliyeyushwa na nani? Timu inayoongoza 27 kwa 11 haifungwi na mtu mmoja.

Kanisa linajua jambo hili. Ndiyo maana mwanzoni mwa Misa hatusimami kutaja makosa ya jirani. Kila mmoja anapiga kifua chake mwenyewe, anasema amekosa yeye, halafu hapo hapo anawaomba ndugu waliomzunguka wamwombee. Umeona mpangilio huo? Kosa nalikiri kama langu, lakini silibebi peke yangu. Padre naye anapiga kifua. Bibi wa kiti cha mbele naye anapiga kifua. Tungekuwa tunafanya kama mashabiki wenye hasira, tungenyoosha vidole mpaka altareni.

Na Bwana wetu alifanya zaidi ya hapo. Yeye ambaye hakuwa na kosa aliingia kwenye mstari wa wenye makosa pale Yordani, na siku ya mwisho akakubali kuhesabiwa pamoja na wahalifu. Sisi tunatafuta mtu wa kumtoa kwenye hesabu yetu ili tubaki safi. Yeye alijiingiza kwenye hesabu yetu ili tusibaki peke yetu.

Kuna kitu kingine. Siku ile, 29 Novemba 2009, ilikuwa Dominika ya Kwanza ya Majilio. Mkatoliki aliyevaa kijani akapita kanisani asubuhi kabla ya mchezo, alisikia Injili ya Luka sura ya 21: jiangalieni, mioyo isilemewe, siku ile isiwanase kama mtego, kesheni na kuomba. Mwaka uliofuata Saskatchewan wakafika tena fainali, na Montreal hao hao, wakafungwa tena, 21 kwa 18. Ilikuwa tarehe 28 Novemba 2010, tena Dominika ya Kwanza ya Majilio, na Injili tena ni ya kukesha.

Sisemi Mungu alikuwa anapanga matokeo. Mungu si mshabiki wa Montreal! Nasema hivi: kukesha maana yake ni pamoja na kuhesabiana. Je, tupo wangapi? Nani hayupo? Nani amesimama mahali pasipo pake na hakuna aliyemshtua kwa upendo mapema? Kwenye jumuiya yetu ndogo, kwenye kwaya, nyumbani, huwa tunamwona mtu kwa mara ya kwanza siku anapoharibu. Ndipo tunajua jina lake. Je, mwezi mzima kabla ya hapo nani alimuuliza hali?

KWAKO WEWE ULIYEKOSA

Najua wengine mnasoma hii si kama mashabiki. Mnasoma kama yule aliyekosa yadi 18. Wewe ndiye uliyepewa ada ya ukoo mzima ukafeli mtihani. Wewe ndiye uliyepewa mtaji na mjomba ukapotea. Wewe ndiye uliyepata mimba, au uliyempa mtu mimba, na tangu siku ile kila jambo baya nyumbani linaanza na jina lako. Umekuwa jibu la swali la "nani?"

Wazee walisema, ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Maana ni kwamba anayeumia hurudi kwao. Lakini kuna mtu amevunjika guu na anaogopa zizi, kwa sababu anajua anachokutana nacho mlangoni.

Msikilize Petro. Alikana mara tatu, usiku ule ule ambao alihitajika kuliko usiku wowote. Yadi 18, mbele ya moto wa makaa. Lakini Yesu mfufuka akawasha moto mwingine wa makaa ufukweni, akachoma samaki, akamlisha kwanza. Ndipo akamuuliza, mara tatu, kama anampenda. Hakumuuliza hata mara moja kwa nini alikana. Akamkabidhi kondoo. Mpira ule ule uliomshinda akamrudishia mkononi.

McCallum naye hakuishia kwenye yadi 18. Alikwenda Vancouver, kwa wale wale waliomfunga siku ile, na mwaka 2006 akacheza fainali ya Grey Cup. Akapiga mipira sita ikapita, timu yake ikachukua kombe, naye akapewa tuzo ya Mkanada bora wa fainali ile. Sikuambii hili ili uamini kwamba kila anayeanguka atapata kombe. Wengine hawapati. Nakuambia ili ujue kwamba siku yako mbaya kuliko zote si jina lako. Kitubio kipo. Padre hatakuuliza umewagharimu watu pointi ngapi.

Na Saskatchewan? Mashabiki wale hawakuacha. Tarehe 24 Novemba 2013, nyumbani kwao Regina, wakaishinda Hamilton 45 kwa 23 na kulichukua kombe. Ilikuwa Dominika ya Kristo Mfalme, na Injili ya siku hiyo ni ya yule mhalifu msalabani, aliyeshindwa maisha yote, akaomba akumbukwe tu, akaahidiwa paradiso siku ile ile. Huyo naye alikuwa wa dakika za mwisho.

TENDO LA WIKI HII

Chagua moja tu, ulifanye kweli.

Timu yako ikifungwa, iwe ya mpira gani, weka simu chini mpaka kesho yake asubuhi. Kabla ya kulala, mtaje mchezaji aliyekosea mbele ya Mungu, umwombee Salamu Maria moja. Utaona ni vigumu kumtusi mtu uliyetoka kumwombea.

Au fungua yale uliyoandika mwezi uliopita. Ukikuta samadi, ifute. Na kama mwenyewe unamfahamu, mwombe radhi.

Au mtafute yule wa nyumbani kwenu ambaye jina lake limekuwa jibu la kila swali. Usimpe hotuba. Kaa naye, mle pamoja kama pale ufukweni.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, unajua tunavyoumia tunapopoteza kitu tulichokwisha kukishika. Usiruhusu uchungu wetu utafute mtu wa kumponda. Utufundishe kupiga vifua vyetu kabla ya kunyoosha vidole. Wale waliokosea mbele ya watu wote, uwaandalie moto wa makaa na chakula, nasi utupe moyo wa kuketi nao. Utuhesabu sote, asipungue hata mmoja. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.

Mbarikiwe sana, na tuendelee kuombeana.